Ekari Kumi na Tano Nilizozitaja kwa Mdomo

Mulembe, watu wa nyumba hii. Mchungaji amenipa dakika kumi, na mke wangu, ambaye amekaa pale kwa akina mama na ananiangalia, ameniambia nisizidishe. Nitajaribu. Mambo haya sijawahi kuyasema mbele ya watu, na kuna moja ambalo hata yeye atalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Nimeombwa kuongea kwa sababu hapa tuko na wazazi wengi ambao watoto wao wamemaliza kidato cha nne na sasa mnangoja waitwe chuo kikuu. Ndugu zangu, nawaambia: mimi ni mzazi aliyekaribia kumtoa mtoto wake chuoni. Si serikali iliyotaka kumtoa, wala si chuo, wala si mtu mwenye wivu. Ni mimi, mchana kweupe, nikiwa nimevaa koti langu zuri. Majina sitataja. Nyinyi wa jamaa yangu mlio hapa, tulieni.

Binti yangu ni wa tatu kuzaliwa. Tangu darasa la nne alikuwa anasema atakuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa anawafundisha hata kuku wetu. Matokeo yakaja, akaitwa chuo kikuu cha umma pale Kakamega mjini kusomea ualimu. Huku Mautuma tulifurahi mpaka tukachinja kuku, ingokho wawili, na mmoja alikuwa bado anataga. Mimi nilizunguka sokoni siku nzima nikiuliza bei za vitu ambavyo sihitaji, ili watu waniulize habari za nyumbani.

Sasa, mnajua siku hizi mtoto haendi tu. Kuna fomu inayojazwa kwenye kompyuta, ya kuomba msaada wa karo. Inauliza hali ya nyumbani: nyumba imejengwa na nini, mzazi anafanya kazi gani, shamba ni kubwa kiasi gani. Ukionekana huna, serikali inakulipia sehemu kubwa na kukuongezea mkopo. Ukionekana unazo, unaambiwa sehemu kubwa ujilipie. Binti yangu alinieleza haya jikoni, polepole, mara mbili, nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Mimi nilichosikia ni kwamba serikali inataka kujua mzee wa nyumba ni nani, na nikaona ni vizuri niende nijieleze mwenyewe.

Tukaenda saiba, kile kibanda cha kompyuta pale senta kwenye maduka. Mama mwenye ile saiba ni mtu muungwana, lakini anaongeanga kwa sauti kwa sababu mashine yake ya kutoa nakala inanguruma. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Na wa tatu kwenye hiyo foleni alikuwa baba ya msichana ambaye kijana wangu mkubwa alitaka kumuoa. Mahari ilikuwa bado inazungumzwa. Mnaona vile shetani anapanga foleni?

"Mzee, nyumba yako ni ya nini?"

"Ya matofali," nikasema.

Ni kweli, nyumba ya matofali iko kwangu. Imefika madirishani, na ndani yake mwaka huo tulivuna maharagwe. Sisi tunalala kwa ile ya udongo.

"Kazi?"

"Mkulima. Andika mkulima mkubwa."

"Na shamba ni ekari ngapi?"

Hapo niwaeleze, maana si wote mnatoka kwa hizi familia za skimu, zile zilizogawiwa mashamba ya wazungu. Marehemu baba yangu alipata shamba wakati wazungu walipoondoka, ekari kumi na tano. Alikuwa na wake watatu na wana tisa. Hati iko kwa jina lake mpaka leo. Kabla hajatuacha alituita wote tisa, akasema shamba lisikatwe, na mtu yeyote asisimame mbele ya watu akasema "kipande changu". Kila mmoja alime pale alipoonyeshwa, lakini shamba ni la nyumba yote. Kwa hivyo kwetu, ukimuuliza mtu yeyote, hata yule analima mahali pa kuanika gunia mbili za mahindi, atakuambia ekari kumi na tano. Kwake si uongo. Ndivyo tunasemanga. Kutaja kidogo ni kama kumtusi mzee akiwa kaburini.

"Kumi na tano," nikasema. Na sikusema polepole.

Binti yangu akanivuta mkono wa koti. "Papa, si sisi tunalima tu..." Nikamwangalia. Mnalijua lile jicho. Akaachia koti. Mama wa saiba akabonyeza bonyeza, akasema, "Imeenda." Baba ya yule msichana akanisalimia kwa mikono yote miwili. Nikatoka pale nimetunisha kifua.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya wiki kadhaa. Msaada aliopewa ulikuwa mdogo, mkopo nao mdogo, na sehemu ya familia ilikuwa kubwa hivi kwamba niliisoma nikadhani ni nambari ya simu ya mtu. Nilikasirika. Nilienda senta nikaitukana serikali kuanzia kwa fundi wa viatu mpaka kwa posho mill, pale tunaposagia mahindi. Nilisema wanasaidia watoto wa wakubwa, nilisema wametuonea kwa sababu sisi ni watu wa mashambani. Watu wakaniunga mkono sana. Nilirudi nyumbani nikiwa bado naongea, na binti yangu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Alisema, "Papa, serikali imesoma kile uliandika."

Nikachukua ndoo nikaenda kukama ng'ombe.

Tukauza ng'ombe wa maziwa, yule mweusi ambaye wengi wenu mlinunua maziwa yake. Hiyo ikamfikisha chuoni na kumpangia nafasi kwenye chumba cha watatu. Nikajiambia Mungu atafungua njia nyingine kabla ya mitihani. Ndugu zangu, kutoka siku hiyo nilianza kuogopa simu. Ikilia, nakata hindi badala ya magugu. Ikinyamaza siku tatu, nakata mawili. Nilikuwa napalilia mahindi na sikio langu liko mfukoni.

Siku moja nilibeba unga na njugu nikaenda kumwona. Gari lilipopita Malava nilianza kupanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta nje ya geti ananingoja. Alikuwa amekonda. Aliniambia anasuka wenzake nywele ili apate chakula, na anakula obusuma, ugali wetu, mara moja kwa siku, lakini hilo si tatizo. Tatizo ni jina. Kwa sababu karo haijafika kiasi kinachotakiwa, hajasajiliwa masomo. Mwalimu akizungusha karatasi ya mahudhurio, majina ya wengine yamechapishwa, yeye anaandika lake kwa kalamu pale chini. Wiki ikifuata, karatasi mpya inakuja bila jina lake. Anaandika tena.

"Na mitihani?" nikamuuliza.

"Ambaye hajasajiliwa hafanyi, Papa. Nitaahirisha nirudi nyumbani."

Alisema hivyo akiangalia ule unga. Mimi nilijua maana ya kuahirisha. Huku kwetu ninawajua wasichana watatu walioahirisha. Wawili sasa wana watoto, na mmoja anauza mitumba, na hakuna aliyerudi.

Kisha akaniambia kuna nafasi ya kukata rufaa. Serikali imewafungulia waliopangwa vibaya waeleze hali yao upya, lakini inafungwa Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka siku hiyo, saa kumi na moja jioni. Inatakiwa barua ya chifu kuthibitisha hali ya nyumbani, pamoja na stakabadhi. "Papa, safari hii tuandike ukweli," akasema. Nikamwambia ndiyo. Kwa mdomo ni rahisi.

Sasa hapa ndipo lilipo lile jambo ambalo mke wangu hajui. Mama, nisamehe, utaniongelesha tukifika nyumbani. Niliporudi, nilikaa siku nne bila kwenda kwa chifu. Siku mbili kati ya hizo niliacha simu kwenye ghala la mahindi, nimeifukia kwenye gunia, ili nikiambiwa nilipigiwa niseme sikusikia. Mtoto alipiga mara kumi na moja. Nilihesabu baadaye. Sikuwa na ugonjwa wala kazi. Nilikuwa naogopa kusimama mbele ya chifu, ambaye tulisoma naye, nimwambie mimi ni maskini.

Siku ya tano nilienda. Chifu akanisikiliza vizuri, akaniletea hata chai. Halafu akasema, "Mzee, siwezi kuandika kwamba unalima ekari moja na nusu wakati hati inasema kumi na tano na hakuna mahali pameandikwa kwamba mmegawana. Kesho nikiulizwa nitajibu nini? Leta barua ya familia. Ndugu zako wote waweke sahihi kwamba sehemu unayolima ni hiyo. Ukileta, hata Jumapili nitagonga muhuri."

Ndugu zangu wote! Mnacheka, lakini wale wananijua hawacheki. Kaka yangu mkubwa, wa nyumba ya kwanza, tulikuwa hatujasalimiana tangu ukumbusho wa baba. Siku hiyo ya ukumbusho yeye ndiye aliomba tukae tuandike kila mtu yuko wapi, ili watoto wasije wakapigana. Na ni nani alisimama akapiga meza, akasema atakayekata shamba la baba yetu amkate yeye kwanza? Ni huyu mnamwona.

Nikaanza kuzunguka kwa ndugu na karatasi. Wa kwanza akasema hajavaa miwani. Nikamwambia nitamsomea. Akasema basi hana imani. Wa pili akaniuliza, "Leo unataka tuseme una moja na nusu, kesho uende kortini useme tumekunyang'anya zile zingine?" Wa tatu akasema, "Nikisema wewe una moja na nusu, basi na mimi nitaulizwa nina ngapi. Hapo tumegawa shamba bila mzee. Siwezi." Sikuwalaumu. Hayo yote yalikuwa maneno yangu mwenyewe, walikuwa wananirudishia tu. Siku zikabaki nane. Nikawa siwezi kumeza chakula. Mke wangu akadhani ni vidonda vya tumbo, akanichemshia majani machungu, nikayanywa.

Aliyeniokoa ni senje yangu, dada ya marehemu baba. Mnajua kwetu senje akiita kikao cha nyumba ya kaka yake, hakuna mwana anayekataa, hata mwenye mvi. Alisikia habari, sijui kwa nani, nafikiri kwa mama mmoja aliyekaa hapa mbele. Akatuita sote Jumamosi, kwenye uwanja mbele ya nyumba ya mzee, karibu na kaburi lake. Siku zilikuwa zimebaki mbili.

Hakuniomba nijieleze. Aliniuliza kitu kimoja: "Wewe, unalima wapi?"

Nikaanza, "Senje, hili shamba la baba yetu..."

"Sikukuuliza ya baba yenu. Huyo alikuwa kaka yangu, shamba lake nalijua. Nimeuliza jembe lako linaangukanga wapi. Twende utuonyeshe."

Tukaenda. Ndugu wanane, wake zao, watoto, mpaka majirani walioona msafara wakadhani kuna msiba. Na kaka yangu mkubwa, kabla ya kustaafu, alikuwa anapima mashamba ya miwa kule upande wa Malava kwa kamba ya katani yenye mafundo. Senje akamwambia alete ile kamba. Akaileta. Akanipa mwisho mmoja nishike bila kuniangalia, na yeye akashika mwingine. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika kitu pamoja baada ya miaka mingi.

Tukapima. Kila fundo lilikuwa linaninyoa. Nilikuwa nimelima hapo maisha yangu yote, na sikuwahi kujua ni padogo hivyo, maana ukiinama na jembe unaona ni kubwa. Tulipofika kule chini ambako maji yanasimama nikamwambia avute kamba tuendelee.

"Hapa hulimi," kaka akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. "Hapa unakujanga tu kukasirika."

Watu wakacheka. Senje pia. Na mimi nikacheka, halafu nikaona macho yanajaa. Kaka akahesabu mafundo, akasema, "Moja na robo." Hata ile moja na nusu niliyokuwa naitangaza kwa aibu haikuwepo.

Senje akatupeleka kaburini. Akaniambia, "Sema sasa, baba yako asikie." Nikasema, "Papa, mimi nalima ekari moja na robo. Nyumba yangu ni ya udongo. Mtoto wangu ako chuo na siwezi kumlipia. Nilijifanya nina shamba lako lote, na hilo limemfunga mjukuu wako." Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Kuku wa senje walikuwa wanaparua pale kando, na upepo ukapita kwenye mahindi kama kawaida.

Kisha kaka yangu mkubwa akaomba kalamu, akarekebisha ile barua isome moja na robo. Aliweka karatasi kwenye mgongo wa kijana wake akatia sahihi ya kwanza kabisa. Nikamuuliza, "Kwa nini wewe?"

Akasema, "Wangu ako kidato cha tatu. Nimekuwa nikijiuliza tutaandika nini. Nilikuwa nangoja mtu wa nyumba hii aanze."

Wengine wakafuata. Hata yule hakuwa na miwani alisoma.

Jumapili chifu akagonga muhuri, sawa na alivyoahidi. Jumatatu asubuhi nilikuwa saiba kabla haijafunguliwa. Mtandao ukagoma. Saa nne, hakuna. Saa saba, hakuna. Binti yangu akawa anapiga kutoka Kakamega kila baada ya dakika chache, na safari hii nilishika kila simu, hata kama sikuwa na la kumwambia. Mama wa saiba alikataa kufunga kwenda kula. Saa kumi na nusu mtandao ukaamka, akaanza kuuliza tena yale maswali. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na ile mashine ilikuwa bado inanguruma.

"Nyumba, mzee?"

"Ya udongo."

"Shamba?"

"Moja na robo," nikasema. Na hiyo pia sikusema polepole.

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko yote. Mitihani ilikuwa inakaribia, na hakuna aliyejua rufaa itaamuliwa kabla au baada. Mimi mwenyewe nilikuwa naamka nikiwa nimekunja ngumi. Kisha alasiri moja, nikiwa juu ya kichuguu nikichunga mbuzi, simu ikalia. Binti yangu hakusalimia. Alisema, "Papa, imechapishwa." Nikamuuliza nini. "Jina langu. Kwenye karatasi ya darasa. Limechapishwa pamoja na ya wengine." Nilikaa chini pale pale kwenye kichuguu, na siafu wakanipata, na sikusimama.

Alikuwa amepangwa upya. Msaada ukaongezeka, mkopo ukaongezeka, na sehemu yetu ikawa ya kubebeka, tena kwa shida. Sitawadanganya kwamba imekwisha. Sasa ako mwaka wa pili, na simu ikilia bado naweka jembe chini kwanza kabla sijashika. Ile nyumba ya matofali bado iko madirishani. Na yule msichana wa kijana wangu, baba yake alisikia habari ya kamba, akaniambia yeye mwenyewe analima isiyofika hata ekari moja. Watoto wetu wameoana.

Nina watu wa kushukuru. Namshukuru mama wa saiba aliyekosa chakula cha mchana kwa ajili yetu, na chifu aliyekataa kunisaidia kwa njia ya mkato. Akina mama wa kanisa hili mlituma mboga na unga Kakamega bila mimi kuomba, na nilijua ni nyinyi kwa namna mnavyofunga mifuko. Senje hawezi kufika hapa, magoti yanamsumbua, lakini nimemwahidi nitasema. Namshukuru kaka yangu, amekaa pale karibu na dirisha, na ninamwomba asitoke nje. Mke wangu nimemshukuru na nitaendelea kumshukuru tukifika nyumbani, baada ya ile habari ya gunia. Na binti yangu, ambaye alinivuta mkono wa koti mara moja, na ningemsikiliza, ng'ombe mweusi angekuwa bado zizini.

Wazazi, fomu zinakuja. Mkiulizwa, msijibu kwa mdomo wa marehemu, wala kwa macho ya watu wa foleni. Andikeni pale jembe linaanguka. Najua ni vigumu, ndiyo maana nimeomba kaka yangu aje nayo. Kaka, hebu inua watu waone. Hii ndiyo kamba. Tutakuwa nje baada ya ibada, mimi na yeye, anayetaka kupimiwa tutaenda naye, na hatutaki malipo.

Mimi nalima ekari moja na robo. Mmesikia wote, na paa bado liko juu. Sasa wewe mzee wa koti la kijivu, ambaye umeinama tangu nianze kuongea, mtoto wako alipata alama nzuri sana. Wewe unalima ngapi?